Majaribio Matatu ya Mwalimu Tone

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Tone kwa sababu ya neno lake moja. Kila alipomimina dawa kutoka chupa hii kwenda ile mbele ya darasa, alisema, "Tone moja, si mawili. La pili ni tamaa." Tamaa iliingiaje hapo hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe ukimuuliza alicheka tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Miaka ishirini na tisa ya kufundisha biolojia ilikuwa imempitia katika chumba kimoja, maabara yenye meza sita za mbao, sinki mbili, na dirisha ambalo halijawahi kufunga vizuri.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango wazi kuelekea barabarani, na sare nyingi za shule ile zilipita chini ya sindano yake. Walizoea kuitana kwa kazi zao. Mke alimwita mumewe Mwalimu, mume akamwita mkewe Fundi, tangu siku za uchumba, na hata wakigombana majina yalikuwa hayo hayo. Ila siku mke akisema "baba" tu, kwa sauti ya chini, mwalimu alijua mambo yamefika pabaya. Binti yao wa pekee, muuguzi, alikuwa ameolewa mji mwingine, na nyumba ikabaki na watu wawili, cherehani mbili, na vitabu vilivyokosa pa kukaa.

Mkono ulianza mwaka mmoja na nusu kabla ya haya ninayoyasimulia. Asubuhi moja kikombe cha chai kililia juu ya kisahani chake, kri-kri-kri. Mwalimu akakitua mezani haraka. Fundi alikuwa akipaka siagi mkate, hakuinua macho. Baada ya hapo ikawa chaki, kisha ufunguo mlangoni, kisha saini yake ikaanza kwenda segemnege. Alikwenda kwa daktari peke yake, akaambiwa si ugonjwa wa kuua. Ni mtetemo wa mkono, unawapata watu wengi, utaongezeka polepole na pengine hautafika mbali.

"Lakini nikwambie kitu," daktari alisema. "Ukitazamwa ndipo utazidi. Na ukiuficha, utazidi mara mbili."

Akampa vidonge, vikasaidia kidogo. Nyumbani, mwalimu akasema daktari kaona uchovu.

Mtu aliyeishi na sindano miaka thelathini hafichwi mkono unaotetemeka. Fundi alijua tangu kile kikombe. Akaanza kumjazia chai nusu, na akiulizwa husema birika limekwisha. Alingoja aambiwe. Alimjua mumewe: ukimsukuma, anakaa chini kama punda.

Basi Jumatatu moja mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mama mmoja mchangamfu, mwenye tabia ya kutafuta miwani iliyo kichwani kwake mwenyewe.

"Kaa, Mwalimu. Darasa lako limekubaliwa."

Mwalimu hakukaa. Darasa hilo alikuwa ameliomba miaka mitatu: sayansi ya uchunguzi wa jinai kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wajifunze jinsi unywele au tone la damu linavyoweza kumtaja mtu ambaye hakuonekana na yeyote.

"Chuo kikuu kitatuazima sanduku la vifaa vya DNA kwa muhula mmoja," mkuu aliendelea, akipapasa meza. "Hii hapa orodha. Majaribio sita, tunaruhusiwa matatu. Wanataka watoto wafanye kwa mikono yao, si kukaa na kutazama. Uchague, fomu unirudishie Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Kwani una mpango wa kufa Alhamisi?"

Mwalimu akacheka, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati. Njiani kurudi nyumbani aliitoa akaisoma akitembea, mpaka mwenye baiskeli mmoja akampigia kengele na kumpa pole ya mapenzi, akidhani ni barua.

Kesho yake alasiri alikaa na orodha kwenye meza ya chumba cha mbele, upande usio na vitambaa. Fundi alikuwa akitia vifungo sketi za sare. Majaribio yalikuwa haya. La kwanza, kutoa DNA kwenye ndizi kwa chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti baridi. La pili, kuitoa kwenye seli za shavu la mwanafunzi mwenyewe. La tatu, kulinganisha mistari ya DNA iliyochapwa kwenye karatasi, uone nani anafanana na nani. La nne, kutenganisha DNA kwa jeli na umeme. La tano, kuchukua DNA kidogo sana na kuizidisha kwa mashine. La sita, kumtafuta mtu kwenye kompyuta kwa kutumia kumbukumbu za mfano.

Mwalimu akatia alama la kwanza, la tatu na la sita, akafunga kalamu.

"Umemaliza upesi," Fundi alisema. "Siku ya kuchagua rangi ya mlango ulichukua wiki mbili."

"Haya ni mambo ninayoyajua."

Fundi akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tatu, lakini alisoma chochote kilichopita mbele yake, polepole, kidole kikiufuata mstari. Akafika katikati, kidole kikasimama.

"Hili la jeli ni lipi?"

Mwalimu alipoanza kueleza, uso wake ulibadilika. Akasogeza kiti. "Unapika jeli, unaimimina kwenye sinia dogo, inaganda. Upande mmoja unaiachia vishimo. Unadondosha DNA ndani ya vishimo hivyo, kila mtu kishimo chake, kisha unawasha umeme. DNA inaanza kutembea, Fundi. Inatembea yenyewe ndani ya jeli. Vipande vidogo vinakwenda mbali, vikubwa vinachoka njiani. Ukiitia rangi, unaona mistari. Ya mwizi iko hapa, ya mshukiwa iko pale, unailinganisha kwa macho yako."

"Na hilo hukulichagua."

"Lina umeme. Watoto ni wengi."

"Watoto gani? Juzi nimewapima suruali, nusu yao wana ndevu." Akaitazama tena orodha. "Hivyo vishimo vina ukubwa gani?"

Mwalimu akasita. "Kama punje ya mchele. Mchele mdogo."

Fundi akaweka sindano kwenye kifuniko chake, akaondoa sketi mapajani.

"Baba," alisema.

Mwalimu akainama.

"Umeuchagulia mkono wako. Watoto hukuwachagulia."

Mkono wenyewe ulikuwa juu ya meza, ukitetemeka taratibu. Mwalimu akauondoa na kuupeleka chini ya meza, kama mtoto aliyekutwa na peremende.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kikombe."

"Mbona hukusema?"

"Mkono ni wako. Nilingoja uniletee mwenyewe."

Mwalimu hakulia, lakini alikohoa mara tatu mfululizo bila kuwa na kifua. Fundi akaenda upande wake, akauchukua ule mkono kutoka chini ya meza na kuuweka mapajani pake, akaukalisha kati ya viganja vyake viwili. Mkono mmoja hauwezi kutia kifungo, na yake yote miwili ilikuwa na kazi. Sketi za watu zilichelewa siku hiyo.

"Naogopa wataniona," mwalimu alisema. "Nimewafundisha tone moja, si mawili. Leo nikidondosha, yanatoka manne."

"Nenda kaniletee hicho kidude cha kudondoshea," Fundi alisema. "Tukione."

Jumatano alirudi na mfuko. Ndani mlikuwa na pipeti moja ya zamani, ya kubonyeza kwa dole gumba, iliyolala kabatini miaka bila kazi. Unga wa kupikia jeli. Na chupa ndogo ya rangi ya buluu ya kutilia keki. Walipika jeli jikoni kwa sufuria ya maziwa. Sinia likawa kifuniko cha sahani ya sabuni. Kilichokosekana ni kitana cha kutobolea vishimo, na Fundi akamaliza shida hiyo kwa mkasi: alichukua kitana chake cha zamani, akakata jino moja na kuacha moja, mpaka yakabaki manane. Wakakisimamisha kwenye jeli ya moto kwa vijiti viwili, wakangoja igande.

Mwalimu akatia sukari kwenye rangi ili izame, akavuta kidogo kwa pipeti, akaanza. Ncha ilitembea juu ya kishimo cha kwanza kama inzi asiyejua atue wapi. Akabonyeza, buluu ikamwagika nje. Kishimo cha pili akakitoboa mpaka chini. Alipofika cha nane, matatu ndiyo yaliyoingia, na meza ilikuwa na madoa kama imepata ndui.

"Sasa nipishe," Fundi alisema.

Hakuanza na pipeti. Alianza na kiti, akakisogeza mpaka kiwiko kikakaa mezani sawasawa. Akaibonyeza pipeti hewani mara kadhaa, kuijua, kama anavyoijua cherehani ya mtu mwingine kabla ya kuishonea. Kisha akauweka mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia, kidole kimoja kikawa ukuta wa ncha. Akashusha pumzi. Matone manane yaliingia vishimo vinane, na jeli ikabaki safi.

Mwalimu alitazama jeli, akamtazama mkewe.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tisa," alisema.

"Na mimi nimetunga uzi kwenye sindano miaka thelathini. Njoo. Usililenge tundu, Mwalimu. Ukililenga, mkono unaogopa. Tua kiwiko kwanza. Toa pumzi. Kidole hiki kiwe ukuta. Sasa teremka, halafu bonyeza, halafu usiachie kidole mpaka umetoka, la sivyo utaivuta tena."

Aliingiza manne. Alhamisi, matano. Zaidi ya hapo mkono ulikataa, na hawakuulazimisha.

Wakati wa kungoja jeli nyingine igande, Fundi aliuliza hasa hii DNA ni kitu gani. Alilisikia neno hilo redioni kila kukicha. Mwalimu akamweleza kwa lugha ya nyumbani: ni kama vipimo vya nguo vilivyoandikwa kwenye kila uzi wa mwili, kila uzi una maelezo ya nguo nzima, na mtoto huchukua nusu ya vipimo kwa mama na nusu kwa baba.

"Nusu kamili?"

"Nusu kwa nusu."

Fundi akafikiri. "Basi binti yetu ana nusu yangu. Ile nusu ya ubishi ndiyo yako."

"Na mkono?" mwalimu aliuliza, safari hii bila utani. "Nikimwachia na huu?"

Fundi alikichomoa kitana polepole kutoka kwenye jeli, kikatoka bila kuichana.

"Ana wangu pia," alisema. "Itasaidiana."

Kabla hawajaondoa vyombo, mwalimu akapiga moyo konde. "Nataka uje darasani siku ya jeli. Uwaonyeshe wewe."

"Mimi?" Fundi alitazama pembeni kana kwamba kuna Fundi mwingine. "Nimeishia njiani, Mwalimu. Niingie mbele ya watoto wanaokwenda chuo kikuu? Watanicheka."

"Wakicheka nitawapa mtihani."

"Utawasema nini? Huyu ni nani?"

"Nitasema ukweli. Kwamba mimi najua jambo lenyewe, na wewe unajua mkono."

Hakukubali siku hiyo. Lakini mwalimu aliona ameikausha ile pipeti vizuri kwa kitambaa laini na kuiweka ndani ya sanduku lake la nyuzi, mahali pa mkasi mzuri.

Ijumaa alikwenda kwa mkuu na fomu mpya. La kwanza, ndizi, ili waione DNA kwa macho, nyeupe kama pamba iliyolowa. La tatu, karatasi, wajifunze kuisoma mistari. La nne, jeli, waitengeneze mistari wenyewe.

Mkuu alisoma. "Hili la shavu umeliacha? Watoto wangelipenda. DNA yao wenyewe."

"Wangelipenda. Na lisingeonyesha lolote, Mkuu, ni kamasi nyeupe tu kwenye chupa. Lakini mmoja angeuliza kama inaweza kumjulisha baba yake ni nani, mwingine angemjibu ovyo, na mtu angekwenda nyumbani na swali lisilo lake. Kila nyumba ina chumba chake cha ndani."

Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akabaki amesimama.

"Kuna jingine," alisema, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza ya mkuu, akauacha pale utetemeke. Ulitetemeka kweli, maana ulitazamwa. Akaeleza yote, na akaomba ruhusa ya mgeni wa darasa.

Mkuu aliuangalia ule mkono. Kisha akatafuta miwani mezani, kwenye droo, chini ya faili, mpaka alipoikuta kichwani.

"Unaona?" alisema. "Kila siku. Nani hapa hana lake? Mlete mama. Na mwambie sketi yangu imenibana, aje na futi."

Wiki ya nne ya muhula, sanduku lilifika. Ndizi ilikwishapita, maabara ilinukia ndizi siku tatu. Karatasi nayo ilipita. Jumatano asubuhi wanafunzi ishirini na sita waliingia wakakuta meza sita zimepangwa, kila moja na sinia la jeli, kisanduku cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi, na vichupa vidogo vyenye rangi. Mbele, kwenye kiti cha mwalimu, ameketi mama mwenye gauni la kijani, mikono mapajani, macho sakafuni. Wote walimfahamu. Hakuna aliyekuwa hajachomwa na pini yake hata mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Mwalimu Tone akasimama mbele yao. Alikuwa ameandaa maneno, yakamtoka kichwani yote.

"Kabla ya kuanza," alisema, "nina jambo. Mkono wangu huu unatetemeka. Si uchovu, ni hali yake, na hautapona. Nimewaficha mwaka mzima na zaidi. Kazi ya leo siwezi kuwaonyesha vizuri, kwa hiyo nimeomba msaada."

 Msichana wa meza ya dirishani, aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuna hoja aliyoiacha ipite, akainua mkono.

"Tunajua, Mwalimu."

"Mnajua nini?"

"Mkono. Tangu mwaka jana."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Wengine waliangalia meza. Ndipo akakumbuka. Mwaka mzima, kila alipoigusa chupa ya asidi, palikuwa na mtu aliyekwisha simama: mwalimu, niachie mimi. Kila alipoikamata chaki, mtu aliomba aandike yeye ubaoni, kwa mazoezi ya mwandiko. Alikuwa akijisifu nyumbani kwamba hajapata kufundisha kundi lenye bidii kama lile.

"Kumbe," alisema. Akaondoa miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, jambo ambalo kwa shati lake si dogo.

Fundi ndiye aliyemwokoa. Aliinuka kitini, akasema kwa sauti ndogo, "Sogeeni basi. Mkikaa mbali mtaona mgongo wangu tu."

Walimzunguka. Maneno yake ya kwanza yalikuwa machache na ya kukwama, lakini alipoishika pipeti ulimi ukafunguka. Tua kiwiko. Toa pumzi. Usilenge. Kijana mmoja akauliza kwa nini wanadondosha upande wa waya mweusi. Fundi akamgeukia mumewe, na mwalimu akadakia kwamba DNA hukimbilia upande mwekundu siku zote. Ukigeuza waya, itatoka nje ya jeli na kesi yako itaishia kwenye maji. Wakaendelea hivyo, huyu mkono, yule maneno, mpaka matone matano ya mfano yakakaa mahali pake.

Kesi aliitunga mwalimu mwenyewe. Kengele ya shule imeibwa, pameokotwa unywele, na washukiwa ni watatu: mlinzi, mpishi wa shule, na mwalimu wa biolojia. Kila kundi lilikuwa na vichupa vitano: cha kipimo cha ukubwa wa vipande, cha eneo la tukio, na kimoja kimoja cha kila mshukiwa. Walidondosha, wakawasha umeme, wakangoja dakika arobaini wakitazama rangi ikitambaa. Wakati wa kungoja, Fundi alitembea meza hadi meza akirekebisha viwiko, na wasichana wawili wakampata pembeni kumuuliza habari za kupunguza mikono ya blauzi.

Jeli zilipotoka kwenye rangi na kuoshwa, mistari ikaonekana, ya buluu, mizuri. Kundi la kwanza likatoa hukumu: mwizi ni mwalimu wa biolojia. Darasa likacheka. La pili, hivyo hivyo. La tatu, la nne, la tano, wote wakamfunga Mwalimu Tone, naye akawa ananyoosha mikono atiwe pingu.

Kundi la dirishani likasema ni mwalimu pamoja na mpishi.

Kicheko kikaisha. Mwalimu akaenda akainamia jeli yao. Njia ya mpishi, iliyoanzia kwenye kishimo chake, ilikuwa na mistari yake na juu yake mistari yote ya mwizi, watu wawili katika njia moja. Vishimo vya mpishi na vya eneo la tukio vilikuwa vimekaa jirani. Hakuhitaji kuuliza kilichotokea. 

"Mpishi amefungwa," alisema taratibu. "Mama mwenye watoto wake. Kipimo kimesema. Tufanyeje?"

 Wakili, ambaye ndiye aliyedondosha, alikuwa amekunja mikono kifuani, vidole vimefichwa kwapani. Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka.

"Niliona rangi imevuka kwenda kishimo cha jirani," alisema. "Kidogo. Nilidhani haitaonekana."

"Hukusema."

"Walikuwa wananitazama wote. Mkono ukaanza kunitetemeka." Akameza mate. "Nikaona aibu, Mwalimu."

Mwalimu Tone alivuta kiti, akakaa mbele yake, wakawa sawa kwa kimo.

"Naijua hiyo aibu," alimwambia. "Kidogo nami niwanyime jaribio hili kwa sababu yake. Nilikwisha andika kwenye fomu." Akageukia darasa, lakini hakupandisha sauti. "Mkono wa mtu kutetemeka si kosa. Huko maabara za kweli pia mikono hutetemeka. Lakini ukiona rangi imevuka ukanyamaza, kuna mtu usiyemjua atalala ndani kwa ajili yako. Useme. Utaambiwa urudie, basi."

"Naweza kurudia?" Wakili aliuliza.

"Jeli iko moja ya akiba."

Fundi alikwisha sogea. Alichukua mkono wa msichana kutoka kwapani, akauweka mezani, akaweka wake chini yake. "Wa baridi huu," alisema. "Tuupashe kwanza." Akauminya na kuusugua kama anayeukanda unga, huku akimuuliza habari za mama yake na yule mdogo wake aliyekuwa na degedege, mpaka mabega ya msichana yakashuka. Kisha akampa pipeti. Matone matano yakaingia, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyetoka. Walingoja darasa zima dakika nyingine arobaini, njaa tumboni, kumtoa mpishi kifungoni.

Mkuu alikuja kuchungulia mlangoni kuona kwa nini watu hawaendi kula. Aliambiwa wanangoja hukumu, akaingia naye akangoja.

Fundi alirudi darasani mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Chuo kikuu kiliwaachia masinia mawili moja kwa moja, na mkuu akaandika kwenye ratiba ya shule, Jumatano ya wiki ya nne, "Jeli: Fundi na Mwalimu." Mkono wa mwalimu uliongezeka kidogo, kama daktari alivyosema. Chaki aliiacha kabisa, darasa likawa na zamu ya kuandika ubaoni, na siku hizi akiwa na kikombe hukishika kwa mikono miwili popote alipo, hata ugenini. Wakili alikwenda kusomea kazi ya maabara. Hutuma salamu, nyingi zaidi kwa Fundi kuliko kwa mwalimu, na mwalimu hujifanya amekasirika.

Picha ya ile jeli ya pili, yenye mistari sahihi, Wakili aliichapisha akaitia fremu, akampelekea Fundi. Imetundikwa chumba cha mbele, juu ya cherehani, kati ya kalenda na vipande vya vitambaa vya mfano. Wateja wapya hudhani ni kitambaa. Juzi mama mmoja aliitazama muda mrefu, akasema anataka hicho cha mistari ya buluu, mita nne, na kwa nini upande mmoja mistari imesongamana hivyo.

"Hicho hakiuzwi, mwenzangu," Fundi alimwambia. "Lakini kaa, nikueleze." Akasogeza sketi, akampisha kiti.